Pengo au mwanya

Sentensi ya mtu ina pumzi yake. Ukiikata katikati ukaiunga na nusu ya sentensi nyingine aliyoitamka siku tatu baadaye, macho yanaweza yasigundue kitu, lakini sikio litasikia. Sauti inashuka kabla ya wakati wake, kelele za nyuma zinabadilika ghafla, na mahali ambapo mtu alipaswa kuvuta hewa hakuna hewa inayovutwa. Mimi si fundi wa sauti. Kwa miaka 11 kazi yangu imekuwa kuandika manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya skrini kumtafsiria mtazamaji kinachosemwa, na sehemu kubwa ya niliyoyaandika ni vipindi vya uhalisia. Rialiti, kama wengi tunavyovitamka.

Kazi hii inakulazimisha kusikiliza maneno yaleyale mara tano, mara sita, mpaka ujue kwa hakika yanaanzia wapi na yanaishia wapi, ili mstari wako uingie nayo na utoke nayo. Mtu aliyejilaza kwenye kochi baada ya kazi hasikilizi hivyo, wala hana sababu ya kusikiliza hivyo.

Mara ya kwanza nilipousikia mshono nilidhani faili imeharibika. Mwanamke alikuwa kwenye kile kiti cha mahojiano ya peke yake, ambapo mshiriki hukaa na kuiungamia kamera. Akasema, "Sijawahi kuwa na furaha," kisha picha ikahamia kwenye vidole vyake vilivyokuwa vikichezea pindo la gauni, na sauti ikaendelea, "na huu mwili wangu." Nusu ya kwanza ilikuwa na ukimya wa chumba kilichofungwa. Nusu ya pili ilikuwa na upepo. Nikairudia mara nane. Pengine alipoitamka ile nusu ya kwanza alikuwa anaelekea kusema hajawahi kuwa na furaha kama ya siku ile.

Nikaandika nilichosikia: Sijawahi kuwa na furaha na huu mwili wangu. Mstari mmoja, sekunde tatu. Kwa watazamaji wa lugha yangu mimi ndiye niliyeuziba ule mshono, maana maandishi hayana upepo.

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo niliyokuwa nayapita. Kwa nini, kwa mfano, mshiriki anaonekana na blauzi ileile na hereni zilezile kila anapoketi kwenye kile kiti, kipindi baada ya kipindi? Kwa sababu nywele na nguo zisipobadilika, maneno ya Jumatatu yanaweza kupachikwa juu ya ugomvi wa Ijumaa na hakuna atakayegundua. Na wanaosema vipindi hivi havina mwandishi wakumbuke mwaka 2006, waandishi 12 wa America's Next Top Model, shindano la kutafuta mwanamitindo, walipogoma huko Marekani wakidai wawakilishwe na chama cha waandishi, Writers Guild of America. Kazi yao ilikuwa kupekua saa na saa za picha zilizorekodiwa na kuchonga hadithi ndani yake: nani mpole, nani mkorofi, nani atalia kabla ya matangazo. Walikuwa waandishi wasiobuni maneno. Maneno waliyachukua vinywani mwa wasichana. Kipindi kiliendelea bila wao.

Nikitaja kazi yangu mbele ya watu, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye sura. Wataniambia viuno, makalio, midomo, ngozi zinazong'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Sura sizipuuzi. Keeping Up with the Kardashians, kipindi cha maisha ya familia moja ya Marekani, ilianza 2007, binti mdogo wa familia hiyo, Kylie Jenner, akiwa na miaka 10, na ilidumu hadi 2021. Kwa hiyo kuna wasichana waliokua sambamba naye wiki kwa wiki. Mwaka 2015 alikiri kwenye kipindi hichohicho kwamba midomo yake imejazwa kwa sindano. Mwaka huohuo akaanza kuuza seti za rangi za midomo, na za kwanza ziliisha ndani ya dakika chache. Ukiitazama kibiashara ni kazi safi: ugonjwa, dawa na tangazo, vyote mdomo mmoja.

Lakini mimi ni mtu wa maneno, na kilichoniingia mimi kilipitia kwenye maneno.

Kuna msimu niliopewa vipindi viwili kwa wakati mmoja. Kimoja kilihusu nyumba kuukuu zinazokarabatiwa, kingine kilihusu wanawake wanaopewa sura mpya. Kila kipindi hutengenezewa faharasa, orodha ya maneno tuliyokubaliana kuyatafsiri namna moja ili mtazamaji asichanganyikiwe. Nilimaliza faharasa ya nyumba, nikafungua ukurasa wa wanawake, nikakuta nusu ya kazi nimekwishaifanya. Kuziba. Kuinua. Kupunguza. Kukaza. Kusawazisha. Kuondoa ziada. Hata mwendo wa kipindi ulikuwa mmoja: mtaalamu anaingia, anazunguka taratibu, anagusa hapa na pale, anatikisa kichwa, anatoa kalamu na kuchora mistari mahali patakapokatwa. Nikanakili orodha, nikaibandika, nikafurahi kwamba nimeokoa siku mbili za kazi.

Tofauti niliiona baadaye. Nyumba haikuombwa ishukuru.

Mwanamke aliombwa. Kila sehemu ilimalizika kwa asante, na asante hiyo ilikuwa na umbo maalumu: kwanza unataja ulivyokuwa, halafu unalia, halafu unasema hukuwahi kujiona hivi. Nilipotaka kuelewa desturi hiyo ilikotoka nikatazama vya zamani. Mwaka 2004 kituo cha Fox cha Marekani kilionyesha kipindi kiitwacho The Swan. Wanawake walifanyiwa upasuaji, wakatengenezwa meno, wakapewa mazoezi, na kwa miezi mitatu hawakuruhusiwa kujitazama kwenye kioo. Kisha pazia linafunguliwa, kioo kinajitokeza, na mwanamke anajiona mbele ya kamera kwa mara ya kwanza. Kila wiki walikuwa wawili, na mmoja tu ndiye aliyesonga mbele kwenda kwenye shindano la urembo la mwisho. Yaani umekatwa, umeshonwa, umepona, umelia mbele ya kioo, kisha unaambiwa mwenzako amekushinda. Na yule aliyeshindwa naye alishukuru.

Hapo ndipo penye neno ninaloliogopa kuliko yote kwenye faharasa yangu, nalo ni fupi mno: kabla. Mwanamke kwenye vipindi hivi anaanza akiwa "kabla". Hajatenda lolote, hajasema lolote, bado anashuka kwenye gari na begi lake, na tayari yeye ni kabla ya kitu. Lile la pili, baada, linaonyeshwa dakika chache tu, kwa taa nzuri na muziki, halafu majina ya watayarishaji yanapanda. Baada ya baada hakuna kamera. Watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, wakiongozwa na Kevin Hall, waliwafuatilia washiriki 14 wa The Biggest Loser, lile shindano la kupunguza uzito, miaka sita baada ya kamera kuzimwa, na wakachapisha matokeo mwaka 2016. Karibu wote walikuwa wamerudisha uzito, na miili yao ilikuwa ikichoma takribani kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Mwili ulikuwa bado unapigana na kipindi kilichokwisha zamani.

Sasa nifike kwenye meno yangu.

Nilikuwa na mwanya. Mama anao, na mama yake alikuwa nao. Kiswahili kina maneno mawili hapa, na kila anayekizungumza anayajua bila kufundishwa darasani. Pengo ni pale jino lilipong'oka: kitu kilikuwapo, sasa hakipo. Mwanya ni nafasi iliyo kati ya meno mawili ya mbele yaliyo mazima, na neno hilo limekuja na sifa zake. Waimbaji na washairi wameusifu mwanya kama wanavyosifu macho na shingo. Utotoni nikiwa nimenuna, mama alikuwa akiniambia, "Hebu tuonyeshe huo mwanya," na hapo kununa kumekwisha. Kiingereza, ambayo ndiyo lugha ya vipindi vingi ninavyovitafsiri, kinatosheka na neno moja kwa vyote viwili. Kwa hiyo kila neno hilo linapotokea, mtafsiri wa Kiswahili hana pa kujificha. Lazima aamue: huyu mtu amepungukiwa au amejaliwa?

Kilikuja kipindi cha kutafuta wanamitindo, jina lake nitalihifadhi. Miongoni mwa washiriki alikuwamo binti mrefu mwenye cheko la kuambukiza, na mwanya. Jaji mmoja akamwambia meno yale yanamharibia sura, aende akazibwe. Niliandika mwanya. Nilifikiri sikuwa na chaguo, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. Mkaguzi wangu, mtu mwenye miaka mingi kazini na ambaye hadi leo namheshimu, akanirudishia faili na maelezo pembeni: jaji anamaanisha kasoro, ukiandika mwanya mtazamaji ataona kama binti anasifiwa, andika pengo.

Kitaalamu alikuwa na hoja. Tunatafsiri anachokusudia msemaji, hatumtafsirii msemaji tunachotamani angekusudia. Nikaandika pengo. Suala la yale meno liliburutwa sehemu nne nzima, binti akikataa, akilia, akisemwa na wenzake, akikubali, kwa hiyo nililiandika neno hilo mara nyingi mno, kutwa nzima nimevaa vipokea sauti vya masikioni, na nadhani muda wote ule ulimi wangu ulikuwa ukipapasa meno yangu mwenyewe.

Kisa kama hicho kilikwishatokea hadharani kwingine. Mwaka 2006, kwenye America's Next Top Model, mtangazaji na jaji wake, Tyra Banks, alimbana mshiriki aitwaye Danielle Evans azibe mwanya wake. Alikataa mwanzoni, mwishowe akakubali upunguzwe kidogo, na akashinda msimu ule. Mwaka 2010 kipindi hichohicho kilimpeleka mshiriki mwingine kwa daktari wa meno ili mwanya wake upanuliwe. Soma tena kama hukuamini. Mwaka 2020 picha za misimu ya zamani zilipofufuliwa mitandaoni na watu wakakasirika, Banks alikubali kwamba baadhi ya maamuzi yale yalikuwa mabaya. Mimi hasira sikuwa nazo sana. Nilichokiona ni kwamba mwanya wenyewe haukuwa na maana yoyote kwao, uwe mpana au mwembamba. Kilichohitajika ni kiti cha daktari, na binti wa kukaa juu yake.

Miezi michache baada ya kumaliza msimu wa yule binti, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha namna hiyo. Nilikuwa na miaka 29. Hakuna aliyenisema, hakuna mchumba aliyelalamika, kazini kwetu tunakaa na migongo yetu inatazamana. Daktari akaniuliza nimekuja kwa tatizo gani, na mimi nikajibu bila kusitasita, "Sijawahi kuwa na furaha na hili pengo langu."

Ilinichukua miaka kadhaa kuisikia sentensi hiyo. Nilikuwa nimefurahi nao miaka yote 29. Nilikuwa nimecheka kwenye kila picha ya shule na kila picha ya harusi, mdomo wazi. Maneno yale hayakuwa yangu, niliyaandika mimi mwenyewe chini ya uso wa mwanamke mwingine, sekunde tatu, na nilikuwa nayakumbuka mpaka kituo chake. Hata neno lenyewe nililolitumia lilikuwa la mkaguzi.

Nilivaa vyuma miezi 14. Kuna mengi ya kusema kuhusu vyuma, hasa chakula kunasa na vidonda vya ndani ya shavu, lakini waliovaa wanajua na wasiovaa hawana haja. Vilipotolewa nikaenda kumwonyesha mama. Nikakaa mbele yake, nikacheka. Alinitazama kitambo. Akasema, "Yamepangika kweli." Halafu na yeye akacheka, na mkono wake ukapanda ukafunika mdomo.

Mama yangu alikuwa na miaka 61, na sikuwahi kumwona akicheka na mkono mdomoni. Hatazami vile vipindi. Anasema vina kelele na watu wasio na kazi. Hakuna jaji aliyewahi kumwambia kitu kuhusu meno yake. Mimi ndiye niliyempelekea habari hiyo, nikiwa nimeketi mkekani kwake, bila kutamka neno hata moja.

Nimejaribu kurekebisha. Nimemwambia mwanya wake mzuri, nimemwambia najuta. Anaitikia, "Sawa mwanangu," na sijui kama mkono ule utashuka.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 12 na huja kwangu likizo. Jioni moja nikamsikia anaongea chumbani kwa sauti ya chini, ya mtu anayetoa siri. "Watu wengi hawajui hili kunihusu," alikuwa anasema, "lakini nimeteseka sana na pua yangu." Kisha akanyamaza sekunde mbili. Ule ukimya niliutambua. Ndiyo nafasi wanayoiacha ili muziki uingie.

Nikasukuma mlango. Alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la mafuta ya nywele, amekaa kiti kimegeuzwa kidogo, pembeni kidogo ya kamera, kama inavyotakiwa.

"Unaongea na nani?"

"Siongei na mtu, mama mdogo. Narekodi kabla."

"Kabla ya nini?"

Akafikiri. "Sijajua bado. Ila lazima uwe na kabla, la sivyo baadaye huna cha kulinganisha."

Pua yake, kwa taarifa ya msomaji, ni pua. Inafanana na ya babu yake na inafanya kazi vizuri.

Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya Girl Scouts, chama cha maskauti wasichana wa Marekani, iliwahoji wasichana zaidi ya 1,100 wenye umri kati ya miaka 11 na 17. Miongoni mwa waliotazama vipindi vya uhalisia mara kwa mara, asilimia 72 walisema wanatumia muda mwingi kwenye mwonekano wao. Miongoni mwa wasiotazama walikuwa asilimia 42. Asilimia 38 ya watazamaji waliamini thamani ya msichana iko katika anavyoonekana, dhidi ya asilimia 28 ya wale wengine. Takwimu za namna hii hazithibitishi kwamba kipindi ndicho kilichosababisha. Huenda anayependa kioo ndiye anayependa na kipindi. Nazitaja kwa sababu ya ile 28. Zaidi ya robo ya wasichana wasiofuatilia vipindi hivi, na bado habari iliwafikia. Kama ilivyomfikia mama.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga. Nilimkalisha yule mtoto chini nikamhutubia nusu saa. Nikamweleza mishono, nguo za mahojiano, biashara ya midomo, kila kitu. Alisikiliza amenyooka, mikono ameishika mbele, akiitikia kwa kichwa kwa adabu, na nilipomaliza akasema, "Asante mama mdogo. Nimekuelewa, nitalifanyia kazi."

Nimeiandika sentensi hiyo mara mia. Ndivyo mshiriki anavyomjibu jaji kabla ya kurudi kwenye mstari wake. Nikagundua nimesimama na yeye ameketi, mwanga uko usoni kwake, na mimi ndiye nilikuwa jaji.

Sasa tunatazama pamoja. Sikumkataza, kwanza kwa sababu nitakuwa mnafiki, vipindi hivi vinanilisha. Pili kwa sababu vinafurahisha, na asiyekiri hivyo hajavitazama. Kuna raha ya kweli katika kukaa watu watatu kwenye kochi mkimlaumu mtu asiyewasikia. Na si kila kinachotoka humo ni sumu. Mwaka 2014 America's Next Top Model ilimleta Winnie Harlow, msichana mwenye mbalanga, ngozi yenye mabaka meupe usoni na mwilini, na leo ni mwanamitindo anayejulikana dunia nzima. Mtoto wetu anamjua, anampenda, na alipomwona mtu mwenye mbalanga njiani hakushangaa, alisema tu, "Kama Winnie." Hilo ni jambo. Japo wakati mwingine mlango hufunguka kwa mwendo wa konokono: vipindi vya The Bachelor, ambamo mtu mmoja huchagua mchumba kati ya wengi, vilianza 2002, na mwanamke mweusi wa kwanza kukaa katikati kama anayechagua badala ya anayechaguliwa, Rachel Lindsay, alikuja 2017.

Mchezo wetu ni huu. Mshiriki akikaa kwenye kile kiti, mtoto anafumba macho na kusikiliza tu. Akisikia mshono anapiga paja na kusema, "Hapo!" Mwanzoni alikuwa anakisia. Sasa ananishinda, masikio yake mapya, yangu yamechoka na vipokea sauti. Juzi alinisimamisha mahali ambapo mimi sikusikia kitu, tukarudisha nyuma, na kweli: ndege alikuwa akilia nyuma ya msemaji, akakatika katikati ya mlio. "Ndege wamemla," akasema, akacheka mpaka akaanguka kwenye mto. Bado anajitazama pua kwenye kioo cha simu. Bado kuna video za kabla humo ndani, najua, nimeona picha zake ndogo zimejipanga. Ila alipoanza kurekodi nyingine wiki iliyopita nilimsikia anaacha katikati ya sentensi, anasema peke yake, "Hapana, hiyo imeungwa," na anaanza upya. Sikumsikia aliishia wapi.

Mimi kila usiku natakiwa kuvaa kibanio cha plastiki. Daktari alinionya kwamba meno yana kumbukumbu, ukiyaachia yanaanza kurudi yalikotoka. Kuna wiki navaa, kuna wiki nasahau. Asubuhi baada ya wiki za kusahau, ukingo wa karatasi unapita katikati yake.

Mwaka huu mkaguzi wangu amestaafu na kiti chake nimekalia mimi. Kazi mojawapo iliyoniangukia ni kupitia upya misimu ya zamani kabla haijawekwa kwenye huduma ya kutazama mtandaoni, kusahihisha makosa ya herufi na kuhakikisha hakuna mstari unaozidi herufi 42. Kwenye folda ya tatu nikamkuta yule binti mrefu. Bado anashuka kwenye gari na begi lake. Bado anacheka, mwanya wote nje.

Nikafika kwa jaji. Mstari wangu wa zamani ulikuwa pale pale: Hilo pengo lako linakuharibia sura yote. Herufi 40, ukihesabu nafasi na nukta. Nikakaa nao muda mrefu kuliko mstari mmoja unavyostahili. Hoja ya mkaguzi nilikuwa naikumbuka: tunatafsiri anachokusudia msemaji. Lakini nilipomsikiliza jaji mara ya tano, ya sita, nikasikia mtu anayetazama kitu kizima na kukiita kasoro, na kama ndivyo anavyosema, basi msomaji wa Kiswahili ana haki ya kusikia jinsi kauli hiyo ilivyo ya ajabu. Acheke au ashangae, hiyo ni juu yake.

Nikafuta, nikaandika: Huo mwanya wako unakuharibia sura yote.

Nikahesabu. Herufi 39. Nikahifadhi, nikaenda mstari unaofuata.